Wapangaji wa Kiwiko

Saa tisa usiku, Kuopio, mwezi wa pili.
Nje ni nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri
na ziwa limekaza meno.
Ndani kuna sauti moja tu:
kwaru, kwaru, kwaru,
kama panya anayetafuna mlango.
Ni Oiva, miaka sita, anajikuna usingizini.

Saimi hawashi taa.
Miguu yake inajua njia: hatua tisa, zulia, kitanda.
Soksi alizoshonea mikononi mwa pajama
zimetoboka tena penye kidole gumba.
Shuka lina unga.
Asubuhi ataukung'uta dirishani, unga wa mwanawe,
nao utaangukia theluji,
mweupe juu ya weupe, usionekane.

Veikko yuko barabarani na greda.
Jana, akipima dawa ya kupaka kwa ncha ya kidole,
alisema ni sabuni. Juzi yalikuwa maziwa.
Wiki iliyopita alikuwa paka wa jirani,
maskini, hata hajui kwamba alishitakiwa.

Kikulacho ki nguoni mwako,
lakini Saimi amefua nguo zote mara mbili,
amepiga pasi mpaka kwenye mishono,
na kikulacho hakikuwamo.
Kiko ndani zaidi ya nguo, nje kidogo ya damu,
kwenye uwanja ule mwembamba
ambao kila mtu huuita mimi.

Mchana yeye ni mtu wa maabara.
Huotesha vijidudu vya watu asiowajua.
Jumatatu alifanya jambo lisiloruhusiwa:
alipitisha pamba kwenye kikunjo cha kiwiko cha Oiva,
akaisugua juu ya jeli ya damu ya kondoo,
akaandika 417, akaifungia katika joto la mwili,
akaenda kunywa kahawa, kikombe kikigongana na kisahani.

Jumatano walikuwa wameota.
Dhahabu.
Hakuna neno jingine: vitone vinono vya dhahabu,
vinavyong'aa kama siagi, bega kwa bega.
Mzuri ajabu, mwizi huyu.
Ukuta ulipobanduka lipu, yeye aliuona ufa,
akapenya, akatema sumu yake kidogo,
na walinzi wa mwili, wale wabeba vifuko,
wakashtuka, wakamwaga histamini yote ya ghalani.
Wakachoma nyumba kumfukuza panya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta;
na ukuta huu hujengwa usiku,
saa zilezile kucha nazo zinapoingia kazini.

Saimi angefunika sahani hapo.
Lakini karibu na ukingo
aliona vitone saba vyeupe,
vidogo, visivyo na mbwembwe,
na kuzunguka kila kimoja pete tupu
ambamo dhahabu haikuthubutu kuota.
Akavihesabu tena. Saba.
Wapangaji wa zamani, wenye kulipa kodi,
waliobaki mtaa ulipotekwa.

Hakumwita mtu. Saba si jeshi.
Sahani si mtoto. Alijua hayo, aliyasomea.
Akaitia 417 kwenye mtungi wa mvuke
pamoja na nyingine zote.

Usiku huu amekaa ukingoni mwa kitanda,
ameshika mikono miwili ya soksi.
"Mama, ni wale wa dhahabu?"
"Ndiyo. Lakini na weupe wapo."
"Wengi?"
"Wapo."
"Wanakula nini?"
Anafikiri. "Mafuta yako. Chumvi. Jasho lako kidogo."

Kimya. Greda linapita mbali,
mwanga wake wa njano unazunguka darini mara moja.

"Basi kesho nitakimbia mpaka shule."

Na Saimi, anayejua kuwa jasho litamwasha
kama pilipili katika kila mkunjo,
anafungua mdomo,
anaufunga,
anakwenda kusogeza buti zake karibu na jiko
zikauke.